Mavazi ya Dansi ya Ukumbini: Kuanzia Darasa la Kwanza hadi Siku ya Mashindano

Kwa darasa la kwanza huhitaji kununua chochote. Vaa suruali au sketi inayokuruhusu kurudi nyuma kwa hatua ndefu, shati au blauzi isiyopanda tumboni ukiinua mikono, na viatu vilivyokukaa vizuri, vyenye soli isiyong'ang'ania sakafu. Wanaume wengi huanza na viatu vyao vya kazini vyenye soli ya ngozi, na kwa wiki za mwanzo vinatosha kabisa. Wanawake waje na kiatu cha kisigino kifupi kinachofungwa mguuni. Kandambili, raba na viatu vilivyo wazi kisiginoni vibaki nyumbani.

Fedha huanza kupotea baadaye. Mtu ananunua gauni la kumeremeta kabla hajawa na viatu, au anampelekea fundi kitambaa kabla hajasoma kanuni za shindano analotaka kuingia. Ndiyo maana nimepanga mambo hapa kwa mfuatano ninaoamini unamfaa karibu kila mwanafunzi: ujue mkondo wako, ununue viatu, upate nguo za mazoezi, usome kanuni, na vazi la mashindano lije mwisho kabisa. Ninaposema mwanamume na mwanamke ninafuata lugha ya kanuni za mashindano. Darasani anayeongoza na anayefuata anaweza kuwa yeyote, na ushauri wa viatu utaufuata kulingana na nafasi unayocheza.

Hatua ya 1: Jua unacheza mkondo gani

Mashindano ya kimataifa yana mikondo miwili, na kila mmoja una dansi tano. Standadi ni walsi, tango, walsi ya Vienna, foksitroti ya polepole na kwikistepu. Kilatini ni samba, chacha, rumba, pasodoble na jaivu. Marekani ina mikondo yake miwili zaidi, Smuthi, unaokaribiana na Standadi, na Ridhimu, unaokaribiana na Kilatini.

Tofauti ya mavazi inatokana na namna mwili unavyofanya kazi. Katika Standadi wenza hawaachani. Wameshikana tangu mwanzo hadi mwisho, miili imegusana upande wa kulia, nao wanauzunguka ukumbi kinyume na mwendo wa saa. Hatua nyingi za kwenda mbele hutanguliza kisigino. Kwa hiyo kiatu kimefunikwa vidole, gauni ni refu, na koti limeshonwa kwa ajili ya mikono iliyoinuliwa. Katika Kilatini wenza hushikana na kuachana, nyonga na miguu ndiyo inayosema, na mchezaji hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo. Kiatu kinakuwa wazi na laini, gauni fupi, suruali ya kuvutika. Smuthi huanza kama Standadi lakini wenza huruhusiwa kuachana na kuzungushana chini ya mkono, hivyo vitambaa vya kuelea mikononi havifai.

Kama bado hujachagua, usinunue chochote cha mashindano. Nunua viatu vya mazoezi vinavyotumika pande zote mbili, uendelee kujifunza.

Hatua ya 2: Viatu kabla ya kitu kingine chochote

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, kiwe viatu. Gauni lililoazimwa halitakuzuia kucheza vizuri, lakini kiatu kibaya kitakufundisha tabia mbaya ya mguu ambayo mwalimu atahangaika nayo muda mrefu.

Siri ya kiatu cha dansi iko kwenye soli. Chini kimewekwa ngozi ya swedi, ile yenye vinyweleo, ambayo huteleza kwa kiasi na kushika kwa kiasi. Soli ya mpira hushika mno: mwili unageuka, mguu unabaki palepale, na anayelipa ni goti. Soli ya plastiki ngumu nayo huteleza hadi unaanza kutembea kwa woga, magoti yamekakamaa. Ukitaka kujua kama kiatu kinafaa, simama kwa mguu mmoja juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, kisha geuka robo duara. Ukigeuka bila kukwama wala kuyumba, soli iko sawa kwa sakafu hiyo. Kitu cha pili cha kukagua ni kupinda. Kiatu cha dansi kina chuma au kiunzi chembamba chini ya upinde wa unyayo, na sehemu ya mbele inapaswa kukunjika kwa urahisi ukiibonyeza kwa mkono.

Kiatu cha mwanamke cha Standadi hufunika vidole na kisigino, mara nyingi ni cha satini, na urefu wa kisigino huwa kati ya sentimita 5 na 7.5. Anayeanza achukue kifupi. Kisigino cha sentimita 5 chenye msingi mpana kidogo kitakupa utulivu wa kurudi nyuma, na katika Standadi mwanamke hutumia muda mwingi akirudi nyuma. Kiatu kisichomoke kisiginoni hata kidogo. Kikichomoka, vidole vitajikunja ndani kukikamata na unyayo mzima utakakamaa.

Cha Kilatini ni sandali. Vidole viko wazi, mkanda unazunguka kifundo au unapita chini ya upinde wa unyayo, kisigino ni kati ya sentimita 6 na 9, nacho kimekaa chini kabisa ya kisigino chako ili uzito ushuke wima. Vidole vifike ukingoni mwa soli, na kwa wengi vichungulie nje kidogo, maana mchezaji wa Kilatini huigusa sakafu kwa vidole anaponyoosha mguu. Sandali iliyobaki na nafasi mbele ya vidole itakukwaza. Anayenunua kwa mara ya kwanza hushtuka kuona zinavyobana. Satini na ngozi hulegea kadiri unavyocheza, kwa hiyo inayokutosha kwa raha dukani itakuwa kubwa baada ya muda mfupi. Hata hivyo, kubana na kuumiza ni mambo mawili. Vidole vikifa ganzi, rudisha.

Kiatu cha mwanamume cha Standadi ni cha kamba, cheusi, chenye kisigino cha takriban sentimita 2.5. Kwa mashindano huwa cha ngozi ya kung'aa, na kwa mazoezi ngozi ya kawaida inapumua vizuri zaidi. Cha Kilatini kina kisigino kirefu zaidi, karibu sentimita 4, na soli yake ni laini ili mguu uweze kunyooka hadi kidoleni. Kisigino hicho huusogeza uzito mbele, mahali unapotakiwa uwe. Mwanamume anayecheza rumba kwa viatu vya Standadi atabaki nyuma ya muziki bila kuelewa sababu.

Viatu vya mazoezi ni jozi ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Ni vya kamba, kisigino kifupi, na soli imegawanyika kati. Mwanamke anayefanya mazoezi ya saa nyingi kwa viatu vya kuchuchumia pekee huumiza vidole na misuli ya nyuma ya mguu. Avae vya mazoezi kwa hatua za msingi, kisha abadilishe kwa saa ya mwisho, ili mwili usisahau urefu atakaochezea siku ya mashindano.

Kuhusu rangi: wanawake wengi huchagua rangi ya ngozi ili mguu uonekane mrefu bila kukatika kifundoni. Ngozi hiyo iwe yako. Rangi ambayo maduka mengi huiita ya ngozi ni ya watu weupe, na kwenye mguu mweusi huonekana kama bandeji. Siku hizi zipo sandali za kahawia za aina nyingi, kuanzia nyepesi hadi iliyokolea, na satini nyeupe au ya maziwa inaweza kupakwa rangi ya kitambaa mpaka ilingane na mguu wako.

Pima viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na uvae stokingi ileile utakayochezea.

Matunzo yake ni machache lakini hayana msamaha. Usitoke navyo nje, hata kwenda kwenye gari, kwa kuwa maji na mchanga huiua swedi. Nunua brashi ya waya na uisugue soli kwa upande mmoja inapoanza kung'aa na kuteleza, lakini usiisugue kila siku, kwa kuwa kila msuguo unailisha brashi ngozi ya soli. Vika visigino vyembamba vifuniko vya plastiki. Kumbi nyingi haziruhusu kisigino kitupu kwa sababu hutoboa sakafu ya mbao. Viatu vya ngozi ya kung'aa hunatana vinapogusana, na katika kwikistepu hilo laweza kukuangusha. Paka vaselini kidogo upande wa ndani, pale vinapokutana. Usinyunyize poda sakafuni hata kama ukumbi unakwamisha. Utakayemwangusha ni mwingine.

Hatua ya 3: Nguo za mazoezi

Nguo ya mazoezi ina kazi mbili: kukuacha huru na kumwonyesha mwalimu mwili wako. Fulana kubwa inayoning'inia huficha mgongo, mbavu na nyonga, yaani yote ambayo mwalimu anajaribu kuyarekebisha. Vaa ya kukaa mwilini, si lazima ibane.

Kwa Standadi, mwanamke avae sketi inayofika chini ya goti na yenye upana wa kutosha kwenye pindo. Sketi huyumba kwa kuchelewa kidogo nyuma ya mwili, na kuyumba huko kunakufundisha kama umezunguka kwa ulaini au kwa kushtuka. Anayefanya mazoezi ya walsi kwa skintaiti siku zote hupata mshangao anapovaa gauni: kitambaa kinamvuta, kinajikunja kwenye miguu ya mwenzake, na mizani yake inabadilika. Kwa Kilatini, sketi fupi ya kuvutika juu ya taiti, au suruali laini inayofuata mguu, inatosha. Sidiria iwe ya michezo, na chini ya sketi fupi vaa bukta ya kubana iliyo rangi moja na sketi.

Mwanamume avae suruali nyeusi ya kitambaa chepesi chenye kuvutika kidogo. Jinzi husimama gotini na kukata hatua. Juu, avae shati au fulana ya mikono inayofika angalau kiwiko. Katika fremu ya Standadi, yaani umbo la mikono na mabega wenza wanaposhikana, mkono wa kushoto wa mwanamke hulala juu ya mkono wa kulia wa mwanamume kwa muda wote wa dansi, na hakuna anayefurahia kulaza mkono kwenye jasho la mtu. Kwa sababu hiyohiyo mwanamke aepuke blauzi iliyo wazi mgongoni, kwa kuwa kiganja cha mwenzake hukaa chini ya bega lake.

Kisha vua vinavyojeruhi. Saa, bangili, pete zenye jiwe lililochomoza, mikufu mirefu, hereni za duara kubwa, mkanda wenye bizimu kubwa, funguo na simu mfukoni. Bizimu la mkanda hukwaruza tumbo la mwenzako katika kila mgeuko, naye huenda akavumilia kimya kwa adabu. Beba taulo, fulana ya akiba na marashi ya kwapa yasiyo makali. Manukato mazito usijipake: mwenzako anapumua sentimita chache kutoka shingoni mwako.

Hatua ya 4: Soma kanuni kabla ya kumwona fundi

Kila shindano lina kanuni za mavazi, nazo hutegemea mkondo, umri na daraja. Shirikisho la kimataifa la dansi ya michezo, WDSF, limeandika zake kwa kina, na mashirikisho mengi ya nchi huufuata mfano huo au kuukaza zaidi. Omba waraka huo kwa mwandaaji, uusome wote, na ukiwa na shaka uliza kwa maandishi.

Watoto ndio wanaobanwa zaidi, na nakubaliana kabisa na sababu zake. Chini ya umri wa miaka 12, kanuni za WDSF zinataka msichana avae gauni au sketi rahisi isiyo na mawe wala vimetameta, kiatu cha kisigino kinene kisichozidi sentimita 3.5, na uso usio na vipodozi. Mvulana huvaa suruali nyeusi, shati jeupe la mikono mirefu na tai nyeusi. Mtoto anapambanishwa kwa dansi yake, na mzazi asiye na fedha hashindwi na mwenye nazo kabla muziki haujaanza.

Kwa watu wazima, sehemu za siri lazima zifunikwe, na kitambaa cha rangi ya ngozi hakiruhusiwi kuzifunika, kwa sababu kwa mbali huonekana kama utupu. Kitambaa cha wavu au lasi kiwe na bitana mahali hapo. Alama za dini hazitumiki kama pambo la vazi. Msimamizi wa shindano anaweza kukutaka ubadilishe nguo, na ukikaidi anaweza kukuondoa.

Kuna jambo ambalo wapya hawalijui: katika mashindano mengi, madaraja ya chini hayaruhusiwi vazi la kumeremeta hata kwa watu wazima. Anayeanza huingia na sketi nyeusi na blauzi safi, au suruali nyeusi, shati na tai. Umeshapunguziwa gharama. Ipokee nafasi hiyo kwa furaha.

Hatua ya 5: Vazi la Standadi

Kwa mwanamume wa daraja la juu ni suti ya koti lenye mikia, nyeusi au ya buluu ya usiku wa manane. Buluu hiyo chini ya taa kali huonekana nyeusi zaidi ya nyeusi yenyewe. Ndani kuna shati jeupe lenye kola ya kusimama, tai nyeupe ya kipepeo na kizibao cheupe. Suruali hupanda juu ya kiuno na kushikwa na mikanda ya mabegani, na kizibao hakitakiwi kuchungulia chini ya ukingo wa mbele wa koti.

Kazi ngumu iko mabegani. Koti la kawaida hukatwa kwa mtu aliyeshusha mikono. Akiiinua, mabega ya koti hupanda hadi masikioni na kola huachana na shingo. Koti la dansi hukatwa kwa mtu aliye ndani ya fremu, kwapa limepandishwa juu sana, ili mikono ikiinuka mabega yabaki yamelala. Kwa hiyo mwambie fundi akupime umeinua mikono kama unavyoshika mwenza, na urefu wa mkono wa koti aupime hivyohivyo, ncha ya shati ichungulie kama sentimita 1. Ukishusha mikono koti hilo litaonekana la ajabu. Ndivyo linavyopaswa kuwa. Kama fundi wako hajawahi kushona la aina hii, kodi au nunua lililotumika. Koti baya la mikia linakuharibia fremu nzuri, wakati kizibao cheusi juu ya shati jeupe na tai hakijawahi kumharibia mtu.

Shati la dansi, la Standadi na la Kilatini pia, mara nyingi limeunganishwa chini na chupi au bukta, kama nguo moja, ili lisichomoke. Ukiwa na shati la kawaida, mwombe fundi ashone kipande hicho. Ni dakika chache za cherehani na shati halitatoka tena.

Gauni la mwanamke lina sehemu mbili zinazofanya kazi tofauti. Juu, hadi nyonga, kitambaa cha kuvutika kimeshika mwili, na ndani kumeshonwa vazi la kipande kimoja lenye chupi na vikombe vya kifua, kwa hiyo huvai sidiria. Chini, sketi ya tabaka kadhaa za shifoni au krepu nyepesi imekatwa kwa duara na pindo lake limetiwa utepe mgumu unaolifanya lifunguke na kukunjuka kama wimbi. Wengine hutia manyoya ya mbuni pindoni, ambayo ni mepesi na hupendeza kwenye walsi, lakini hunyonyoka na kuacha alama sakafuni. Vitambaa vya kuelea, kutoka begani hadi kifundoni mwa mkono, hurefusha mstari wa mikono. Viwe vifupi kiasi kwamba havitakanyagwa wala kumnasa jirani.

Urefu wa gauni ndio unaokosewa sana. Lishuke hadi kwenye kifundo cha mguu, lisiiguse sakafu, na lipimwe ukiwa umevaa viatu utakavyochezea. Mwanamke hurudi nyuma kwa hatua kubwa. Kisigino kikinasa pindo ataanguka chali pamoja na mwenzake.

Majaji watauona mgongo wako kuliko kifua. Mpe fundi maelekezo ya mgongo kwanza.

Hatua ya 6: Vazi la Kilatini

Wenza hawabadilishi nguo kati ya dansi na dansi. Vazi moja lazima libebe rumba ya polepole, jaivu ya mateke na pasodoble iliyojaa ushujaa. Hapo ndipo vazi zuri la picha hushindwa. Sketi ya mkia mrefu hupendeza kwenye rumba na kuzingira magoti kwenye jaivu. Matamvua ni chaguo zuri kwa anayeanza kushindana, kwa kuwa hukuza kila mtikisiko wa nyonga na hupumzika ukisimama. Yana tabia mbaya moja: hukuza pia kila kosa la wakati. Kama nyonga yako bado inachelewa, chagua sketi yenye marinda madogo.

Mikanda myembamba ya mabegani ivutwe na kuunganishwa mgongoni, vinginevyo itashuka katika mgeuko wa kwanza. Chupi ya vazi iwe pana na ya rangi ya gauni. Stokingi za wavu huisawazisha rangi ya mguu na kuficha michubuko. Chukua zinazolingana na ngozi yako, na uwe na jozi ya pili kwenye begi, kwa sababu hutoboka bila taarifa.

Mwanamume huvaa suruali nyeusi ya kiuno kirefu inayovutika, mara nyingi na utepe wa satini ubavuni, ndefu kiasi cha kufunika kisigino cha kiatu anaponyoosha mguu. Shati lifuate mgongo. Kijakoti kifupi cha pasodoble kinavutia katika onyesho, ila kwenye shindano la dansi zote tano kitakuchosha kwenye samba.

Hatua ya 7: Mawe

Mawe ya kung'aa huuzwa kwa grosi, yaani vipande 144, na ukubwa wake huandikwa SS pamoja na namba: SS16 ni karibu milimita 4, SS20 ni karibu 4.7. Swarovski ya Austria ilitawala kazi hii kwa muda mrefu, ila mwaka 2021 iliacha kuwauzia mafundi wadogo mawe yasiyowekwa kwenye bidhaa. Wengi sasa hutumia Preciosa ya Czech au kioo cha bei nafuu kutoka Asia. Plastiki usinunue. Haiakisi taa kama kioo, na juhudi ya kubandika ni ileile.

Changanya ukubwa mbili au tatu. Weka mengi mgongoni, mabegani na kwenye nyonga, machache kifuani. Katika Standadi acha wazi upande wa kulia wa mbele, unapogusana na mwenzako, na pale kiganja chake kinapokaa mgongoni. Makwapani pia, kwa kuwa yatakuchubua. Bandika kitambaa kikiwa kimevutwa kidogo, juu ya mwili wa sanamu au juu ya mtu, la sivyo kitakapovutika mawe yataruka. Tumia gundi ya kitambaa inayobaki laini ikikauka, fungua madirisha, na uliache vazi likauke siku 3 kabla ya kulivaa.

Hatua ya 8: Nywele na uso

Nywele hazitakiwi kusogea. Kwa Standadi kifundo cha nywele kikae chini, karibu na kisogo, kwa sababu kichwa huelekea kushoto na nyuma, na kifundo cha utosini huvunja mstari wa shingo. Jeli, wavu, vibanio vingi kuliko unavyodhani. Nywele za kusuka hufungwa vilevile, ila ondoa shanga na vyuma kwenye ncha. Msuko ukifunguka kwenye mgeuko wa kasi humpiga mwenza usoni. Mwanamume azilaze zake kwa jeli isiyotiririka, na ndevu ziwe zimepunguzwa.

Taa kali na umbali wa majaji hufuta uso. Wanja, nyusi na mdomo vikolezwe kuliko unavyofanya kwa sherehe, kope bandia zikiruhusiwa. Rangi ya msingi ilingane na shingo, na poda nyeupe ya kumalizia uiepuke kama ngozi yako ni nyeusi, maana kwenye picha zenye mwako huacha madoa ya majivu. Wachezaji weupe wa Kilatini hujipaka losheni ya kuifanya ngozi iwe kahawia ili misuli ionekane. Wafanye hivyo usiku wa kuamkia shindano, isije ikachafua shati la mwenza. Mafuta ya kung'arisha paka miguuni na mgongoni, kamwe usipake viganjani.

Hatua ya 9: Jaribu vazi kabla ya siku yenyewe

Hapa sina huruma. Vazi ambalo halijachezewa dansi zote tano, mfululizo, kwa kasi ya shindano, pamoja na mwenza aliyevaa lake, halijawa tayari. Inua mikono, kaa, inama, piga teke. Mtu akurekodi kutoka nyuma na kutoka chini kidogo, ili uone majaji na watazamaji wa mbele wataona nini. Sikiliza: mawe yanayokwaruza, pindo linalokanyagwa, mkanda unaoshuka. Fanya hivi angalau wiki mbili kabla, fundi apate nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Begi liwe na viatu, brashi, vifuniko vya visigino, stokingi za akiba, sindano na nyuzi za rangi ya vazi, gundi, pini za kufungia nguo, vibanio, taulo, nguo ya kujitanda unapongoja, na tai ya pili. Viatu na nguo za ndani ziende na wewe mkononi, si kwenye mzigo unaoweza kuchelewa.

Namba ya shindano hubandikwa mgongoni mwa mwanamume, katikati, kwa pini nne, moja kila kona. Mwenza aibandike mwanamume akiwa ameinua mikono, isije ikajikunja ukumbini. Fika mapema uipime sakafu kwa soli zako. Jivike gauni baada ya nywele na vipodozi, ukiingia kwa miguu. Usile ukiwa umelivaa.

Baada ya shindano

Vua, geuza nje ndani, ning'iniza penye hewa usiku kucha. Jasho la kwapani hupulizwa pombe kali isiyo na rangi iliyochanganywa na maji, ikaachwa ikauke. Jaribu kwanza sehemu iliyofichika. Gauni la Kilatini lifuliwe kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, bila kukamua. La Standadi lenye manyoya au koti la mikia lipelekwe kwa dobi anayejua kufua kwa kemikali, na umwonyeshe mawe kabla ya kumwachia, kwa kuwa kemikali nyingine huyeyusha gundi. Gauni zito usilining'inize kabatini miezi mingi, kitambaa kitarefuka. Likunje kwenye mfuko wa pamba.

Ukifika wakati wa kuliuza, na mavazi haya huuzwa sana kwa mkono wa pili, andika kimo chako, kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani kupita katikati ya miguu hadi begani tena. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachoamua kama vazi lenye chupi ya ndani litamkaa mnunuzi. Kiombe pia wewe unaponunua, kabla hujatuma fedha.